AC mbili za siku moja: niliyoitengeneza na niliyoiacha

Mwaka 2013 nilinunua AC mbili siku moja, duka moja, aina moja, kila moja BTU 12,000, yaani kipimo cha nguvu ya kupoza. Zilivuka kwa boti kutoka Dar zimefungwa kamba pamoja kama pacha, na fundi mmoja akazifunga zote. Moja ilikwenda chumba cha mama, ambacho dirisha lake linatazama bahari. Ya pili ikawekwa chumba cha wageni, upande wa barabarani, nyuma ya kivuli cha mwembe. Nyumba yetu ipo Chukwani, Unguja. Kutoka ukuta wa mbele mpaka maji yanapofika wakati wa bamvua ni hatua mia mbili na kitu.

Ya mama ilikufa 2020. Ya wageni inapuliza baridi mpaka leo. Umri wao mmoja. Kwa hiyo mtu akiniuliza, "AC yangu ina miaka tisa, niitengeneze au ninunue mpya?", simjibu kwa miaka. Namuuliza mashine ya nje imekaa upande gani wa nyumba, ina gesi gani, na mara ya mwisho kujazwa ilikuwa lini.

Mie si fundi wa AC. Nashona, na haya ninayoyajua nimeyajua kwa kulipa: mara tatu kwa ujinga, na mara chache baadaye kwa akili.

Osha kwanza

Hili nalipita haraka, maana kila mtu analijua na hakuna anayelifanya. Fungua kifuniko cha mashine ya ndani, toa zile nyavu, zioshe kwa maji na sabuni, zikaushe kivulini. Mama yangu hufukiza udi kila Ijumaa, na moshi wa udi una mafuta. Unaganda kwenye nyavu, vumbi linaganda juu yake, na baada ya miezi miwili umepata blanketi. Hewa isipopita, koili ya ndani, yale mabomba membamba yaliyokunjwakunjwa yanayopitisha gesi, inapoa kupita kiasi, inashika barafu, barafu ikiyeyuka maji yanadondoka kitandani, na watu wanasema mashine imekwisha. Inataka kuoshwa tu.

Mashine ya nje nayo iogeshe. Zima umeme kwenye sakiti breka, kisha uimwagie maji matamu, taratibu, bila presha kubwa inayolaza yale majani membamba ya alumini. Nasisitiza maji matamu. Visima vya huku kwetu vingine vina chumvi, na kuiosha chumvi kwa chumvi ni kazi bure.

Baada ya hapo ipime. Iache iende robo saa, weka kipimajoto cha jikoni inapoingia hewa, soma, kisha kiweke inapotokea. Tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 ni nzuri. Ukiipata hiyo na chumba bado hakipoi, kosa si la mashine: dirisha halifungi, bati halina dari, au BTU ni ndogo kwa chumba kile. Ukipata nyuzi tatu au nne, hapo sasa ndipo penye maneno.

Gesi inakwenda wapi?

Mwishoni mwa 2018 AC ya mama ilianza kupuliza vuguvugu. Nikaita fundi, kijana mwenye adabu zake. "Shikamoo mama," akaunganisha geji, akasema gesi imepungua, akajaza, akachukua laki moja, akaenda zake. Chumba kikapoa vizuri. Miezi mitano baadaye, vuguvugu tena. Akarudi, akajaza. Nikamuuliza, "Mwanangu, kwani hii gesi inakwisha?" Akanijibu, "Inaliwa kidogo kidogo, mama, kama mafuta ya gari." Nikamwamini. Ya tatu ilidumu miezi mitatu.

Gesi ya AC hailiwi. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyozibwa: chumbani inageuka mvuke na kubeba joto, nje inalitua hilo joto na kugeuka kimiminika, kisha inarudi tena ndani. Mashine kama yangu ina kilo moja hivi, pengine haifiki, na ile ile iliyotoka nayo kiwandani ndiyo inayotakiwa iwemo siku inapokufa. Ikipungua, pana tundu. Fundi anayejaza bila kutafuta tundu anakukodisha baridi.

Aliyenifungua macho ni fundi mwengine, mtu mzima, aliyewahi kufanya kazi Muscat. Yeye hakushuka na mtungi wa gesi. Alishuka na mtungi wa naitrojeni na kopo la povu la sabuni. Akaijaza mashine naitrojeni, akapaka povu kwenye nati, akasubiri. Kimya. Akapaka bomba lote. Kimya. Akapaka koili ya mashine ya nje, povu likaanza kuchemka pahala pamoja, halafu pengine, halafu pa tatu chini kabisa kwenye pembe. Akapitisha kidole kwenye majani ya alumini, yakabanduka unga mweupe kama unga wa mchele. Akanionesha kile kidole. "Bibi, hii imeliwa na bahari."

Tangu siku hiyo nasikiliza povu kabla sijamsikiliza mtu. Likichemka kwenye nati, furahi. Fundi anakata ncha ya bomba, anaupanua mdomo wake upya, anakaza, anavuta hewa na unyevu wote kwa pampu ya vakyumu, kisha anajaza gesi kwa mizani, si kwa kukisia. Hata mashine ya miaka kumi na mbili inastahili kazi hiyo. Likichemka kwenye bomba la shaba, tuseme pale linaposuguana na ukuta, panachomelewa na mambo yanaendelea. Ikiwa ni koili, pahala pamoja, na mashine bado kijana, ulizia koili nzima mpya kabla hujakata tamaa. Ikiwa ni koili na majani yanabanduka kidoleni, usitoe hata senti ya gesi. Utaziba matundu matatu, na la nne lishaanza.

Kisa chake ni hiki. Shaba na alumini zikigusana kwenye unyevu wa chumvi huwa kama betri ndogo, na katika betri hiyo alumini ndiyo inayoliwa mwanzo. Majani yakiliwa, joto halina pa kutokea, presha inapanda, na kompresa, ile pampu inayoisukuma gesi, inafanya kazi ya punda mchana na usiku. Ndiyo maana pacha wa chumba cha wageni, mwenye ukuta mzima wa nyumba baina yake na bahari, alinusurika. Wenzetu wa Paje na Jambiani, ambako upepo unaingia moja kwa moja kutoka bahari kuu, wapige hesabu fupi zaidi kuliko yangu.

Jambo jengine kwenye mashine ya nje: soma kibandiko. Zangu zote mbili ziliandikwa R22. Hii ni gesi inayoharibu tabaka la ozoni, na chini ya Itifaki ya Montreal ya 1987 nchi zinazoendelea, Tanzania ikiwemo, zinaipunguza kwa hatua mpaka 2030, kisha kibakie kiasi kidogo tu cha kuhudumia mashine zilizobaki. R22 isiyovuja iache ilipo, haina ubaya wowote nyumbani kwako. R22 inayovuja kwenye koili ni kama nguo iliyochakaa kitambaa chenyewe. Mie mshoni nakwambia, hiyo haishonwi.

Na kuna fundi atakayekwambia, "Nitakuwekea R410A humo humo." Mkatalie. R410A ni gesi nyengine ya AC, inakwenda kwa presha kubwa zaidi, zaidi ya mara moja na nusu ya R22, na inataka mafuta ya aina nyengine kwenye kompresa. Mashine haikutengenezwa kwa hilo.

Kidogo kinachojifanya kikubwa

Kaskazi ya 2022, pacha wa wageni naye alinitisha. Mashine ya ndani inapuliza, ya nje inanguruma kidogo, inanyamaza, inanguruma, inanyamaza. Jirani aliyekuja kutazama akasema kompresa hiyo, nunua nyengine. Yule yule fundi wa Muscat akafungua kifuniko, akatoa kitu mfano wa kopo dogo la maziwa, akakipima. Kimeandikwa mikrofaradi 35, mita inasoma 22. Kapasita, kile kinachoisaidia kompresa kuanza. Akaweka mpya, shilingi 25,000 na kazi yake, mashine ikawaka kabla chai haijapoa.

Kapasita, kontakta (swichi inayoiwasha kompresa), feni ya nje, sensa ya joto: hivi vikifa tengeneza, usifikiri mara mbili, ilimradi koili ni nzima. Bodi inategemea. Ya mashine ya kawaida si ghali sana, ya inveta, ile inayopandisha na kushusha kasi ya kompresa badala ya kuiwasha na kuizima, inaweza kukukata nusu ya bei ya mashine.

Kompresa ni hukumu nzito. Usikubali neno "imeungua" kwa kusikia tu. Kompresa ina ncha tatu za umeme. Fundi aweke mita mbele yako. Ncha kwa ncha lazima isome, ncha kwa mwili wa chuma isisome kitu. Ikiwa kweli imeungua, mafuta yake hunuka vibaya na huacha asidi ndani ya mabomba. Kuweka kompresa mpya bila kusafisha mabomba na kubadilisha chujio ni kuipeleka kaburini na yenyewe. Kwa hiyo bei unayoambiwa ya kompresa iulize hivi: pamoja na kusafisha, chujio, vakyumu na gesi? Ukishajumlisha, kwa mashine iliyopita miaka saba karibu na bahari, mie sitengenezi. Ikiwa mashine ni ya juzi, tafuta kwanza kadi ya dhamana. Mara nyingi kompresa hupewa miaka mingi zaidi kuliko vifaa vyengine, na watu huitupa kadi pamoja na boksi.

Kompresa nyingi hazifi kwa uzee. Umeme ukishuka nguvu, mota inavuta ampea nyingi zaidi ili ifanye kazi ile ile, inapata joto, waya zake zinaungua. Umeme ukikatika na kurudi papo hapo, kompresa inalazimishwa kuanza presha ikiwa bado ipo juu. Ukikatika, zima kwenye breka, subiri dakika tano baada ya kurudi. Au funga stebilaiza yenye kuchelewesha umeme kuingia. Tuliokuwepo Unguja ile miezi mitatu bila umeme, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, tulijifunza adabu hii kwa friji na mafriza kabla ya kuwa na AC.

Hesabu yangu, na ya mpwa wangu

Mpwa wangu yupo Leicester. Kwao mashine hii hii wanaigeuza: inachota joto kwenye hewa ya nje, hata wakati wa baridi, na kuliingiza ndani kwenye maji ya redieta. Wanaiita pampu ya joto. Kwa yuniti moja ya umeme inaleta joto la yuniti tatu hivi, kwa sababu hailitengenezi, inalihamisha tu. Za kwao zina kompresa, gesi na koili kama zetu, na nyengi zina vali ya kugeuza mwendo wa gesi ili kuyeyusha barafu inayoshika nje. Yake ikaanza kusumbua, na siku moja akanipigia, "Shangazi, wewe unajua haya mambo." Nikacheka. Lakini maswali yalikuwa yale yale: gesi inakwenda wapi, koili ina hali gani, kompresa imepimwa?

Yeye akaniletea kanuni aliyoikuta kwa Wamarekani: zidisha umri wa mashine kwa gharama ya matengenezo, ikizidi dola 5,000 nunua mpya. Kwa dola 5,000 mie nitafunga AC nyumba nzima na ya jirani. Kanuni ya watu wenye bei zao.

Yangu naihesabu kwa kaskazi, ule msimu wa Disemba mpaka Machi ambao bila AC mama halali. Chukua bei ya matengenezo, igawe kwa idadi ya kaskazi unazoamini mashine itavuka. Ya mama, mwaka 2020, niliambiwa 450,000 kwa koili iliyotumika, gesi na kazi. Fundi mwenyewe alisema, kwa uaminifu, kaskazi mbili. Hiyo ni 225,000 kwa kaskazi. Mpya, ya inveta, pamoja na kufungwa, ilikuwa 1,250,000, na kwa kuwa iliyotangulia iliishi miaka saba pale pale, nikaipa saba. Karibu 179,000 kwa kaskazi. Kapasita ya pacha wa wageni, 25,000, imeshavuka kaskazi tatu. Hapo huhitaji hata kalamu.

Kisha umeme. Usisikilize maneno ya dukani kuwa inveta "inapunguza nusu". Soma mita yako. Mie nilisoma mita ya Tukuza, ile ya umeme wa kulipia kabla, saa nne usiku na tena alfajiri, usiku mmoja bila AC na usiku mmoja na AC, vyengine vyote vikiwa vile vile. Friji na taa zilikula yuniti 2. Pamoja na AC ya zamani, yuniti 9. Baada ya kufunga mpya nikarudia: 6. Tofauti ni yuniti 3 kwa usiku, 90 kwa mwezi. Chukua bei ya yuniti kwenye risiti yako ukazidishe. Kwa wepesi wa hesabu tuseme 300, basi ni 27,000 kwa mwezi kwa chumba kinachopozwa kila usiku.

Sasa pima chumba cha wageni. Wageni wangu wanalala labda siku nne kwa mwezi. Yuniti 3 mara nne ni 12, shilingi 3,600. Kutupa mashine nzima ili niokoe pesa ya mikate, hapana. Mashine yenye kula umeme inayowashwa mara chache ni rahisi kuliko mpya inayokaa kimya ukutani.

Ukishaamua kununua

Usiamue usiku wa Februari mtoto analia na jasho linakutoka. Siku hiyo utanunua chochote kilichopo dukani. Mama nilimhamishia chumba cha wageni, nikasubiri mpaka kipupwe, Juni, mafundi hawana kazi nyingi na mimi nina akili zangu. Kubembelezana bei nako kunakuwa kwengine.

Mashine ya nje mpya sikuirudisha upande wa bahari. Niliipeleka ukuta wa barabarani, bomba likaongezeka mita nne, na nililipia mita hizo bila kinyongo. Mabomba ya zamani sikuyatumia, maana yalibakiwa na mafuta ya R22 na hii ni R410A. Nilichagua koili yenye rangi ya kinga kwenye majani. Inachelewesha chumvi, haiizuii. Juu yake niliweka kipaa kidogo cha bati kwa ajili ya jua, mbali ya kutosha ili hewa ya moto itoke. Wengine hujenga kiboksi cha urembo kuizunguka mashine ya nje. Inakuwa kama mtu anayekimbia huku amefunikwa shuka.

Ile mbovu walikuja kuitaka wanunuzi wa vyuma chakavu, na walikuwa wanaitamani shaba. Fundi alikuwa ashanyonya gesi iliyobakia kwenye mtungi wake. Usimruhusu mtu aiachie hewani kwa kukata bomba. Mashine ya nje nikawapa. Ya ndani nilikataa, nikaifunga kwenye mfuko wa mchele, nikaiweka stoo pamoja na rimoti yake, na mwanangu akaniambia nakusanya takataka.

Mwaka jana, usiku wa mvua za masika, umeme ulirudi kwa kishindo na pacha wa wageni akazimika kabisa. Taa haiwaki, rimoti haijibiwi. Fundi akafungua, bodi imeungua pembeni, nyeusi. Bodi ya mashine ya 2013 hakuipata dukani popote. Nikaenda stoo nikaufungua ule mfuko. Alitoa bodi ya marehemu, akaichomeka kwa aliye hai, nati nne tu, mashine ikalia ile sauti yake ya kuamka. Alinitoza 15,000 ya kazi.